Demo ilionyesha mji wenye mvua, CD imekuja na mji mkavu: je, nimeuziwa feki?

"Shikamoo mtaalamu. Nina banda la gemu hapa Mwanga, Kigoma, PS4 mbili na PS2 moja ya watoto. Natoza 500 kwa dakika kumi. Mwaka juzi nilipakua video ya demo ya gemu moja la kuzunguka mjini, nikawa nawaonyesha vijana kwenye simu. Ni usiku, mvua inanyesha, taa za maduka zinaonekana ndani ya madimbwi, watu wamejaa barabarani, na kuna jengo refu lenye saa ambalo jamaa analipanda mpaka juu. Kila siku nikawa naulizwa linatoka lini. Lilipotoka nikaagiza CD Dar kwa laki na nusu. Mji ni uleule, lakini madimbwi hayaonyeshi kitu, watu ni wachache na sura zinajirudia, na lile jengo la saa halipo kabisa, tumelitafuta wiki nzima. Vijana wanasema nimenunua feki. Mmoja anasema picha nzuri zimefichwa makusudi ili tununue PS5. Fundi wangu anasema mashine imechoka, na kweli feni inalia kama jenereta. Je, nimeibiwa? Na kuna jingine linatoka, muuzaji anataka nilipie mapema. Nilipie?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa zaidi ya hela ni kwamba vijana wako wanakuona wewe ndiye uliyewadanganya. Nianze hapo. CD yako kwa dalili ulizozitaja si feki, na wewe hujamdanganya mtu. Video uliyoionyesha kwenye simu na gemu lililomo kwenye CD ni vitu viwili vilivyotengenezwa kwa nyakati mbili, na cha kwanza kilitengenezwa wakati cha pili bado hakipo.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tunadhani demo, yaani onyesho la gemu kabla halijatoka, hukatwa kutoka kwenye gemu lenyewe, kama unavyomega kipande cha mkate ukaonja kabla ya kununua mzima. Ingekuwa hivyo, basi mkate mzima ukiwa na ladha nyingine ungekuwa na haki ya kusema umebadilishiwa. Lakini demo inayoonyeshwa mwaka mmoja au miwili kabla haina mkate wa kumegwa. Watengenezaji huchukua kona moja ya gemu, mtaa mmoja, dakika kumi za hadithi, wakaimaliza kila kitu: mwanga, sauti, sura za watu, mvua. Mtaa wa pili unakuwa bado ni maboksi ya kijivu, au haujachorwa kabisa. Kona hiyo inatengenezwa ili wenye mtaji waone gemu litafanana na nini, na timu yenyewe ijue inaelekea wapi. Kisha inarekodiwa, inapelekwa kwenye maonyesho, na inafika kwenye simu yako Mwanga kana kwamba ni gemu lenyewe.

Nikueleze nililolifanya kwa mikono yangu, kwa sababu nimekaa upande wa pili wa meza hiyo. Tulikuwa watu watatu kwenye chumba cha kupanga kule Gungu, tukitengeneza gemu la simu kuhusu wavuvi wa dagaa. Unaijua picha ya Kibirizi usiku usio na mwezi, karabai zikiwa zimesambaa ziwani hadi ziwa linafanana na mji. Hiyo ndiyo tuliyotaka mchezaji aione. Tukaandaa demo ya dakika nne kwa watu waliokuwa wanafikiria kutupa mtaji. Tuliweka karabai arobaini, kila moja inamwaga mwanga wake, kila moja inaonekana mara ya pili ndani ya maji ikitetemeka na mawimbi. Ilikwenda kwenye laptop yenye kadi nzuri ya picha. Mwenzangu ndiye aliyekaa kwenye kibodi na njia alikuwa ameikariri: mbele, mbele, kulia kidogo, simama. Kushoto kulikuwa na mwamba, na nyuma ya mwamba ule hapakuwa na maji wala anga. Ungeuzunguka, mtumbwi ungedumbukia kwenye weusi mtupu. Nilisimama nyuma ya kiti chake muda wote nikiomba asikosee.

Mtaji tukaupata, kidogo. Tukaanza kulihamishia gemu kwenye simu ambazo watu wanazo kweli, zile za memori ya giga 2. Karabai arobaini zikaifanya simu ikwame, picha zikawa zinaruka moja moja, na mgongo wa simu ukawa wa moto. Tukashuka hadi ishirini, hadi kumi na mbili, tukaishia nane. Na hizo nane maji hayakuziakisi kwa hesabu ya kweli. Tulichora mstari wa manjano chini ya kila mtumbwi, tukautikisa kidogo, basi. Mmoja wa waliokuwa wameiona demo alipopewa simu aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Taa zimekwenda wapi?" Sikuwa nimemwibia taa zake, lakini kwa macho yake ilikuwa hivyo hivyo, na sikuwa na jibu fupi la kumpa. Wewe ndiye ninayekupa lile refu.

Gemu ni picha zinazochorwa upya mfululizo, mara 30 au mara 60 kwa kila sekunde. Kwa mara 30, mashine ina takriban sehemu 33 za elfu moja za sekunde kumaliza picha moja. Kwa mara 60 inabaki na kama 16 au 17. Ndani ya muda huo mfupi kuliko kupepesa jicho, lazima ijue kila mtu barabarani yuko wapi na anataka kwenda wapi, kila gari linagonga nini, risasi imetua wapi, sauti itoke upande gani, mwanga upige wapi na kivuli kilale wapi, halafu ndipo ichore. Kazi ikizidi muda, picha inachelewa, na mchezaji anahisi pedi imekuwa nzito. Dimbwi linaloakisi maduka lina gharama kubwa hapo, kwa kuwa ni kama kuchora sehemu ya mtaa mara ya pili. Watu wengi barabarani ni gharama nyingine, kwani kila mmoja anachorwa na kila mmoja anafikiriwa.

Kwenye demo, timu inajua mchezaji atapita wapi. Inaweza kutumia muda wote wa picha kwenye mtaa huo mmoja, kwa kuwa nyuma ya kona hakuna kitu kinachodai haki yake. Gemu likikamilika, yule mchezaji si mwenzangu aliyekariri njia. Ni kijana wako anayeendesha gari kinyume na barabara kwa kasi, polisi watano nyuma yake, anarusha bomu huku mji mzima unapakiwa kutoka kwenye hadidiski. Fikiria boti mpya ya mbao pale mwaloni, imepigwa rangi, imefungwa kamba, maji yametulia. Halafu ifikirie inaelekea vijiji vya kusini ikiwa na abiria, magunia na ng'ombe wawili, upepo unapiga kutoka mbele. Boti ni moja, lakini siku ile ya ufukweni haikuwa imebeba chochote.

Kingine ni mashine yenyewe. Demo nyingi huendeshwa kwenye kompyuta zenye nguvu kuliko mashine utakayochezea. Mfano unaojulikana sana ni gemu la Watch Dogs. Kampuni iliyolitengeneza, Ubisoft, ililionyesha Juni 2012 kwenye maonyesho ya E3 huko Los Angeles: usiku, upepo unapeperusha makoti, mwanga unaelea juu ya lami yenye maji. Wakati ule PS4 ilikuwa haijatangazwa hata kwa jina, ilitangazwa Februari 2013. Maana yake timu ilikuwa inatengeneza gemu kwa ajili ya mashine ambazo dunia ilikuwa haijaziona, na onyesho lenyewe lilikwenda kwenye kompyuta. Lilipotoka Mei 2014, likilazimika kuchezeka mpaka kwenye PS3, mashine ya kabla ya PS4, yenye megabaiti 256 za memori kuu na 256 za picha, mji ulikuwa umepoa. Watu walikasirika kama vijana wako.

Na hapa namgeukia yule kijana anayesema picha nzuri zimefichwa, kwa sababu hakulitoa wazo lake hewani. Wiki chache baada ya Watch Dogs kutoka, mchezaji mmoja alichokonoa mafaili ya toleo la kompyuta akakuta mipangilio ya mwanga na mvua ya demo ya 2012 bado imo ndani, imezimwa. Akaiwasha, na mji ukasogea karibu na ule wa onyesho. Ubisoft walijibu kwamba mipangilio ile ya zamani iliondolewa kwa kuwa ilikuwa inaweza kuharibu utulivu wa gemu na uchezaji wenyewe. Wengi hawakuwaamini. Mimi nawaamini nusu. Mafaili ya zamani kubaki ndani ya gemu ni jambo la kila siku, kwa kuwa kuyafuta kunaweza kuvunja kitu kingine, na ukiwasha jambo moja kwenye kompyuta moja yenye nguvu hujathibitisha kwamba lingekwenda kwa mamilioni ya watu. Nusu nyingine siwapi. Walijua miezi mingi kabla kwamba mji umepoa, na waliiacha video ya 2012 iendelee kuwauzia gemu. Hapo ndipo lawama yao ilipo.

Lakini kwamba walifanya hivyo ili watu wanunue mashine mpya, hapana. Mtengenezaji wa gemu anataka liuzike kwa kila mwenye mashine, ya zamani na mpya. Kwenye PS5 gemu hilohilo linaweza kuwa na madimbwi yanayoakisi kwa sababu PS5 ina uwezo wa kuyachora kwa wakati. Kwenye PS4 yako yakiwashwa, gemu litakwama. Waliyaondoa ili vijana wako waweze kucheza bila kukwama.

Sasa jengo la saa. Hili ni tofauti na madimbwi, na sitaki uchanganye mambo haya mawili. Madimbwi yamepunguzwa kwa sababu ya uzito. Jengo limeondolewa kwa sababu gemu lenyewe limebadilika. Hadithi huandikwa upya, mhusika hutolewa, mtaa hukosa sababu ya kuwepo, au jambo lililopendeza kwenye video linachosha ukilicheza mara ya kumi. Mfano ninaoupenda, kwa kuwa unatuhusu, ni Halo 2. Mwaka 2003 studio ya Bungie ilionyesha demo ambayo mahali pake ni New Mombasa, Mombasa ya miaka 500 ijayo, mitaa imebomoka, vyombo vya adui vinapita juu. Watu waliisubiri kwa hamu. Gemu lilitoka tarehe 9 Novemba 2004, na New Mombasa imo, lakini sehemu ile ya demo haimo. Watengenezaji wenyewe walikuja kueleza baadaye kwamba mfumo wa mwanga wa demo ulikuwa mzito mno kwa Xbox ya kwanza, mashine ya gemu ya Microsoft, yenye memori ya megabaiti 64 tu, wakalazimika kuanza upya sehemu kubwa ya kazi. Hapo uzito ndio uliolibadilisha gemu lenyewe, sehemu ya demo ikabaki nje. Mwaka 2024, gemu lilipotimiza miaka 20, demo ile ilifufuliwa na wachezaji wa kompyuta wakapewa waicheze. Miaka 20 watu walikuwa bado wanaikumbuka, kama vijana wako na saa yao. (Na ukikutana na Halo 3: ODST ya 2009, tembea mitaani humo: utakuta Kizingo, Kikowani na Tayari Plaza. Nilisimamisha gemu kwa dakika nzima nilipoyaona majina hayo.)

Gemu la Cyberpunk 2077 ndilo lililosumbua kizazi chenu. Mwaka 2018 ilitolewa video ya dakika 48, na pembeni mwa picha kulikuwa na maandishi kwamba kazi inaendelea na huo si mwonekano wa mwisho. Ndani ya video hiyo mhusika anakwea kuta kwa makali ya mikononi. Mwaka 2020, kabla ya kutoka, kampuni yenyewe ilisema uwezo huo umeondolewa. Ilipotoka Desemba 10 mwaka huo, kwenye PS4 ilikuwa na hali mbaya kiasi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni ndani ya siku chache, na haikurudi mpaka Juni 2021. Angalia tofauti: kukwea kuta kulikoondolewa kuliwauma watu, lakini kampuni ilisema mapema. Hali ya PS4 haikusemwa, na ndiyo iliyovunja uaminifu.

Si kila badiliko ni hasara, na hili nalo uwaambie vijana. Mwaka 2018 kabla Spider-Man ya PS4 haijatoka, watu walichukua picha ya onyesho na picha ya gemu wakazungushia duara dimbwi moja lililokuwa kubwa na sasa limekuwa dogo. Kelele zilikuwa nyingi. Insomniac, waliolitengeneza, walijibu kwamba wamebadilisha ukubwa wa dimbwi tu, nguvu ya picha haijashuka. Lilipotoka, waliolicheza waliona ni kweli. Kwa hiyo picha moja ya kulinganisha, imezungushiwa duara jekundu, isikupe hukumu.

Upo pia udanganyifu halisi, na sitauficha. Gemu la Aliens: Colonial Marines, lililouzwa na kampuni ya Sega, lilitoka Februari 2013 likiwa mbali sana na demo zilizolitangaza. Huko Uingereza malalamiko yalifika kwa wasimamizi wa matangazo, na Sega wakakubali kwamba trela zao, yaani video za tangazo, hazikuwakilisha gemu lililouzwa. Marekani walishtakiwa, na mwaka 2014 Sega wakakubali kumaliza upande wao kwa dola milioni 1.25. Lakini hata ndani ya gemu hilo kuna jambo linaloonyesha kazi hii ilivyo. Maadui wake walikuwa wajinga, wanakimbia hovyo, wanasimama mbele ya risasi. Miaka kadhaa baadaye mchezaji mmoja akakuta kwenye faili la mipangilio neno la Kiingereza tether, yaani kamba ya kufungia mnyama, limeandikwa teather. Herufi moja, a, imezidi. Kwa sababu hiyo amri ya kuwaambia maadui wajipange wapi ilikuwa haipati inachokitafuta. Ukiifuta herufi hiyo, wanaanza kukuzunguka na kukuvizia. Habari hiyo ilienea mwaka 2018, miaka mitano baada ya watu kulitupa gemu. Kwa hiyo unapoona gemu limeharibika, wakati mwingine ni uongo, wakati mwingine ni uzito, na wakati mwingine ni mtu aliyechoka saa nane za usiku akaandika herufi moja zaidi.

Tuje kwenye mashine zako. Fundi wako amechanganya mambo mawili. Joto haliondoi watu barabarani wala halibomoi jengo. PS4 ikizidiwa na joto inakuonya, kisha inajizima, na CD iliyomo inabaki ilivyo. Hata hivyo feni inayolia kama jenereta si ya kuachwa. Vumbi la kiangazi la Mwanga linaingia ndani na kuganda, na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa hukauka baada ya miaka. Ipeleke ifunguliwe, isafishwe, dawa ibadilishwe, na ukae hapohapo uone kazi inavyofanyika. Ikiwa picha za kuta zinakuja kwanza kama ukungu halafu zinajaa taratibu, mwambie aangalie na hadidiski pia, huenda imejaa au inakufa. Mashine ikijizima yenyewe katikati ya mchezo, au ukasikia harufu ya kitu kinachoungua, chomoa umeme na usiiwashe mpaka fundi aione. Hayo siwezi kukutibia kwa maandishi.

Lakini kuna jambo moja ambalo fundi hakukuambia, na ndilo lenye faida ya haraka kwako. Hukusema kama mashine zako zina intaneti, nami nahisi hazina, kwa sababu mabanda mengi ninayoyajua hayana. CD huchapishwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kutoka. Timu haiendi likizo CD zikishapelekwa kuchapwa. Inaendelea kurekebisha, na marekebisho hayo huja kwa mtandao kama apdeti, mara nyingi kubwa sana, siku ileile ya kutoka na miezi inayofuata. Asiye na intaneti anacheza gemu kama lilivyokuwa siku lilipochapwa. Nenda kwenye alama ya gemu, bonyeza kitufe cha Options, fungua maelezo yake, usome namba ya toleo. Ukiona 1.00, hujawahi kuliona gemu ambalo wenzako wanalicheza. Unganisha mashine na simu usiku, wakati bando ni nafuu, uangalie kwanza apdeti ina ukubwa gani kabla ya kuiruhusu. Ikiwa inazidi bando lako, ibebe PS4 umpelekee mtu mwenye intaneti ya ofisi au ya nyumbani. Hilo la kubeba nimelifanya, linawezekana.

Usitarajie miujiza. Apdeti inaweza kurudisha watu zaidi barabarani, kuondoa kukwama, kurekebisha sura. Imewahi kufanya makubwa. Gemu la No Man's Sky lilitoka Agosti 2016 bila mambo mengi yaliyokuwa yamezungumzwa, watu hawakuweza hata kuonana ndani yake, na mpaka wasimamizi wa matangazo wa Uingereza walipelekewa malalamiko, wakachunguza, wakaona kampuni haikuvunja kanuni. Wale jamaa hawakujibizana na watu, waliendelea kutoa apdeti za bure, na Julai 2018 wachezaji wakaanza kucheza pamoja kweli. eFootball, gemu la mpira, nayo vijana wako wanaijua: ilitoka mwisho wa Septemba 2021 na sura za kutisha, Konami walioitengeneza wakaomba radhi, na toleo lao la 1.0 halikuja mpaka Aprili 2022. Lakini jengo zima lililoondolewa kwenye hadithi, mara nyingi haliletwi na apdeti.

Kuhusu kulipia mapema. Kwanza uliza unachoonyeshwa ni nini, maana neno demo linabeba mizigo mingi. Video iliyochorwa kama sinema haikuambii kitu kuhusu uchezaji. Gemu la Killzone 2 lilitangazwa hivyo mwaka 2005 na gemu lenyewe likaja 2009. Video ya mtu anayecheza ni afadhali, ukijua ni ya mashine gani. Soma maandishi madogo ya chini, mara nyingi yanasema imerekodiwa kwenye PS5 au kompyuta. Demo unayoipakua ukaicheza kwa pedi yako mwenyewe, kama zile za PES za zamani zilizokuwa zikitoka muda mfupi kabla ya gemu, hiyo inakaribia kweli, kwa sababu imetoka kwenye kazi iliyokwisha na inakwenda kwenye mashine yako.

Kwa mchezaji wa nyumbani ningesema usilipie mapema, nukta. Wewe una biashara, na najua wiki ya kwanza ndiyo inayojaza banda. Basi tupige hesabu. CD ya laki na nusu kwa 500 kila dakika kumi inahitaji raundi 300 ndipo irudi. Gemu la mpira wanakaa wawili, anayefungwa anaondoka, foleni inasogea, raundi 300 zinakwisha haraka. Gemu la kuzunguka mjini anacheza mmoja, wengine wanatazama, na anataka kuendelea alipoishia jana. Kwa banda, hilo ni gumu hata likiwa zuri kama trela yake. Kama linalokuja ni la mpira, agiza, ila mpe muuzaji malipo ya awali tu na muandikiane kwamba ni toleo la PS4, jipya, na utarudishiwa hela likiahirishwa. Kama ni jingine la mji, subiri wiki tatu. Tafuta video ya mtu wa kawaida anayelicheza kwenye PS4 kama yako, isiyokatwa, dakika 20 hivi. Hutakosa CD, zinachapwa nyingi, na bei huwa inashuka.

Ulipoagiza ile ya kwanza, je, ulipewa risiti? Muuzaji akikuletea CD iliyotengenezwa kwa eneo jingine la dunia au kwa mashine tofauti na mliyokubaliana, au iliyotumika akaiita mpya, hilo sasa ni kosa lake, halihusiani na watengenezaji wa demo. Anza naye kwa upole, risiti mkononi. Akikataa, mwone afisa biashara wa halmashauri, na juu yake ipo Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2003 yenye vifungu vya kumlinda mnunuzi dhidi ya udanganyifu. Kwa gemu lako hili sioni kesi, kwa kuwa aliyekuuzia alikuuzia kilichomo.

Vijana wako waonyeshe video ileile ya simu, kisha wawekee gemu pembeni, uwaambie lini kila moja ilitengenezwa. Watakuelewa kuliko unavyodhani, mimi nimefanya hivyo darasani na watoto wadogo zaidi. Kisha niandikie tena: namba ya toleo kabla ya apdeti, namba baada yake, na watu wameongezeka barabarani au la. Jengo la saa mlitafute mara moja zaidi mkiwa na toleo jipya, ingawa nadhani hamtalikuta.